UZI: Les Misérables ya London bila lile sinia linalozunguka. Kwa nini hasa walilitoa?

#1 BintiChumbageni

Habari zenu wadau.

Naishi London tangu 1991. Mwaka 1993 nilinunua tiketi ya Les Misérables, ya bei ya chini kabisa, Palace Theatre, kule juu karibu na dari, unatazama jukwaa kama mtu anayechungulia kisima. Ndiyo ilikuwa tamthilia yangu ya kwanza ya muziki. Kutoka kule juu niliona jambo ambalo waliokaa chini hawakuliona vizuri: sakafu ya katikati ilikuwa duara moja kubwa, kama sinia la pilau la shughuli, na lilikuwa linazunguka. Jean Valjean, mhusika mkuu, anatembea miaka na miaka, sinia linakwenda chini ya miguu yake.

Kuna dakika moja haijanitoka. Wanafunzi wamejenga ngome yao ya viti, meza na mapipa katikati ya mtaa. Askari wanashambulia, mwisho bunduki zinanyamaza. Hakuna anayeimba. Halafu ngome nzima inaanza kugeuka polepole, unaonyeshwa upande wa pili, na pale Enjolras, kiongozi wao, kalala kichwa chini, mikono imefunguka, juu ya bendera nyekundu. Mama mmoja wa Kiingereza niliyekaa naye alinishika mkono. Hatukujuana. Alinishika mpaka sinia likasimama.

Juzi nimempeleka binti yangu. Nyimbo zile zile, waimbaji wazuri, siwezi kusema uongo. Lakini sinia halipo. Nyuma kuna picha kubwa za projekta, na Enjolras analetwa kwenye mkokoteni. Binti yangu alilia. Mimi sikulia, na hilo limeniuma wiki nzima.

Wajuzi wa sanaa, kitu kimefanya kazi zaidi ya miaka thelathini, unakitoa kwa nini?

#2 Msemakweli254

Pole dada. Jibu langu ni neno moja: pesa.

Mbunifu wa jukwaa na mwongozaji katika biashara hii kwa kawaida halipwi mara moja akaondoka. Anapata fungu lake kila wiki mradi kazi yake iko jukwaani. Ukileta timu mpya, unaandika mikataba mipya. Hapo hata sijagusa fundi wa mitambo, umeme na matengenezo. Sina karatasi za mkataba mkononi, nasema ninavyoiona biashara. Jumba ni lile lile tangu 1985, walitaka kulikarabati, wakapata pa kupitia.

#3 KijanaWaMagomeni

Mimi naona ni zama tu. Watoto wetu wamekua na skrini. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 ni jambo kubwa, huwezi kuyaonyesha leo kwa meza na viti, watasema mbona kama stoo.

#4 MwalimuMstaafu

Magomeni, nakusahihisha kwa upendo. Hadithi hii si ya 1789. Ngome ile ni ya maasi ya Juni 1832 mjini Paris, tarehe 5 na 6. Yalianzia kwenye mazishi ya Jenerali Lamarque, aliyekufa kwa kipindupindu mwanzoni mwa mwezi huo huo. Siku mbili tu, yakazimwa. Mfalme Louis-Philippe alibaki kwenye kiti chake hadi 1848.

Naweka mkazo kwa sababu linahusu uzi huu. Kama ingekuwa 1789 ungehitaji umati na gereza la Bastille kuanguka. Hawa walikuwa vijana wachache kwenye mtaa mwembamba, wakisubiri jiji liamke, na jiji halikuamka. Meza na viti ndivyo vitu walivyokuwa navyo! Usivione kama stoo.

#5 KijanaWaMagomeni

Asante mwalimu. Miaka yote nilijua 1789.

#6 BintiChumbageni

Msemakweli, na mimi nikusahihishe kidogo. Jumba si lile lile. Ilianza Barbican tarehe 8 Oktoba 1985, kabla mwaka haujaisha ikahamia Palace Theatre, na 2004 ikahamia Queen's Theatre. Julai 2019 Queen's ikafungwa kwa ukarabati, na ilipofunguliwa Desemba ikawa na jina jipya, Sondheim Theatre, na jukwaa jipya ndani yake. Katikati hapo waliiendesha jumba la jirani, Gielgud, kama tamasha la kuimba.

Kwa hiyo sinia lilishahamishwa mara mbili na likafanya kazi. Kuhama si sababu.

#7 FundiSeremalaMwenge

Wakuu, mimi si mtu wa tamthilia, ni fundi seremala, natengeneza majukwaa ya harusi na mikutano hapa Dar. Nimeingia kwa sababu ya neno sinia.

Mwaka 2016 shule moja ya sekondari ilinipa kazi ya kutengeneza jukwaa linalozunguka kwa ajili ya mchezo wa wanafunzi. Kipenyo mita 4. Nilipanga plaiwudi mbili za milimita 18, viungo vinapishana, katikati nikaweka kitovu cha gurudumu la Fuso na beringi zake, pembeni magurudumu ya troli 24. Halikuwa na mota. Vijana sita walisukuma kwa mabomba nyuma ya pazia. Karakana kwangu lilizunguka kwa kidole kimoja, nawaambia ukweli.

Ukumbini likakataa. Sakafu ya ukumbi ule ilijengwa na mteremko wa kutoa maji wakati wa kudeki, huoni kwa macho lakini pima maji inakuambia. Upande mmoja magurudumu yananing'inia, upande mwingine yanabeba mzigo wote. Usiku wa maonyesho likazunguka robo, likakwama, jumba la mfalme likabaki limetazama ukuta. Yule kijana aliyeigiza mfalme akatoka mlangoni kwa nyuma, akazunguka kwa miguu, akaja mbele akaendelea na maneno yake. Wazazi walipiga makofi. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nimeshika nyundo, siwezi kufanya kitu.

Nilichojifunza ni hiki: sinia si meza unayoibeba ukaiweka popote. Sinia ni sakafu. Ukitaka kwenda nalo mji hadi mji, lazima ubebe na sakafu yake. Jibu liko hapo, si kwenye pesa za wabunifu.

#8 Msemakweli254

Fundi, kubeba sakafu si ndiyo pesa yenyewe?

#9 MkereketwaWaSanaa

Naomba niweke mpangilio, maana tunazungumza kama vile sinia lilitolewa usiku mmoja mwaka 2019.

Toleo la awali liliongozwa na Trevor Nunn na John Caird, jukwaa likabuniwa na John Napier, taa David Hersey. Toleo jipya lilianza Desemba 2009, Cardiff, kama msafara wa mji hadi mji wa kutimiza miaka 25. Waongozaji wake ni Laurence Connor na James Powell, jukwaa la Matt Kinley. Mwaka 2010 msafara huo ukaingia London, Barbican kule kule ilikozaliwa, wakati toleo la sinia bado linaonyeshwa Queen's. Mwezi Oktoba wakaongeza tamasha ukumbi wa O2. Kazi moja, mji mmoja, sura tatu kwa wakati mmoja! Mwaka 2014 toleo jipya likaenda Broadway, New York. London ndiyo ikawa ya mwisho kubadilika.

Hapo Fundi ana hoja nzito: kitu kilianza kama msafara, na msafara unataka vitu vyepesi.

Lakini kuna sababu ambayo hakuna aliyeitaja. Picha zile za nyuma ambazo BintiChumbageni anaziita za projekta zimetokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, mwandishi wa kitabu ilikotoka hadithi hii. Mzee alikuwa mchoraji. Alichora maelfu ya karatasi, kwa wino, masizi, hata kahawa, nyingi akiwa uhamishoni kisiwani Guernsey, huko huko alikokuwa akiishi kitabu hiki kilipotoka 1862. Machi 2025 Royal Academy ya London ilifungua maonyesho ya michoro yake. Kuna pweza mmoja wa wino wa kahawia, mikono imejikunja ndani ya giza la bahari, ukimwona utadhani kachorwa na mtu wa Kilwa aliyemchokoa mwambani asubuhi ile. Halafu kuna majumba na minara inayotoka kwenye ukungu. Ukiiona, unaelewa Kinley alikuwa anatafuta nini: Paris iliyochorwa na mkono ule ule ulioandika hadithi. Mimi siwezi kuiita hiyo njaa ya pesa.

#10 MwanaMalindiZnz

Mkereketwa, sisi hapa Zanzibar tunamchokoa pweza kila bamvua na hatujapata hata fremu moja Royal Academy. Tusemehe.

Nirudi kwenye uzi. Mimi nilikuwa na mapenzi na The Phantom of the Opera, ile yenye thurea kubwa inayoanguka. Jukwaa lake la awali la 1986 alibuni marehemu Maria Björnson. Mwaka 2012 huyo huyo Laurence Connor akaongoza toleo jipya la msafara, jukwaa la Paul Brown. London ilipofungua tena 2021 baada ya korona, wapiga muziki walikuwa wamepunguzwa kutoka 27 hadi 14. Namuunga mkono Msemakweli hapo. Mkianza kukata, hamjui pa kuishia.

#11 KijanaWaMagomeni

Thurea ndiyo nini?

#12 MwanaMalindiZnz

Taa kubwa ya vioo vingi ya kuning'inia, mdogo wangu. Ingia msikiti wowote mkubwa mjini, tazama juu.

#13 OmariMinneapolis

Salaam kutoka kwenye theluji. Naomba niseme tofauti na dada mwenye uzi, kwa heshima.

Mimi nimeona toleo jipya tu, msafara ulipopita huku. Baadaye rafiki yangu aliyeona la zamani akanieleza jinsi mtoto Gavroche alivyokufa. Zamani sinia liligeuka, ukamwona kule nje ya ngome anaokota risasi kwa maiti, ukaona anavyopigwa. Katika jipya ngome haigeuki. Mtoto anaruka upande wa pili na humwoni tena. Unasikia sauti yake tu inaimba, na mlio wa bunduki. Unawatazama wale wenzake waliobaki huku, nyuso zao. Halafu anatokeza juu ya ngome, anakaribia kurudi, na hapo anapigwa.

Wadau, nimekulia Mogadishu na Mombasa. Vita kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Huoni. Unasikia nyuma ya ukuta, unahesabu nani amerudi. Waliolitoa sinia, kwa sababu yoyote ile, walinipa mimi tukio la kweli kuliko lile la kuzungushwa.

#14 BintiChumbageni

Kaka Omari, nimesoma mara mbili. Sina la kujibu kwenye hilo la Gavroche. Nimelikubali.

Lakini Enjolras sijakubali.

#15 MwalimuMstaafu

Omari ameniletea wazo. Sinia linampa mtazamaji jicho la Mungu: unaona pande zote mbili za ngome. Ngome isiyogeuka inakuweka upande mmoja na waasi, nawe unakuwa mfungwa pamoja nao. Hayo ni mafundisho mawili tofauti kutoka kwenye maneno yale yale na noti zile zile.

#16 KamwanyaBxl

Jambo ba ndugu, niko Bruxelles. Naona wote munasema London, London. Hii kazi ilizaliwa Paris! Schönberg na Boublil walioitunga ni watu wa muziki wa Kifaransa, kwanza ilikuwa sahani ya nyimbo mwaka 1980, na mwaka ule ule Robert Hossein akaipandisha jukwaani, ukumbi wa Palais des Sports. Hakukuwa sinia la Napier pale. Kwa hiyo ile munayoita ya asili, nayo ilikuwa jukwaa jipya la kitu cha zamani.

Na mwisho wa 2024 Paris wameitengeneza tena, kwa Kifaransa, Théâtre du Châtelet, mwongozaji Ladislas Chollat. Nilienda na mke wangu kwa treni. Hawakufuata ya 1985, hawakufuata ya 2009. Walianza kwao wenyewe. Mimi nilifurahi sana, maana nilisikia maneno katika luga ya Hugo na sikuwa na kitu cha kulinganisha kichwani.

#17 MkereketwaWaSanaa

Asante sana Kamwanya, hiyo nilikuwa sijaiweka kwenye hesabu. Na huko nako mlima ulikuwa mrefu: kutoka Paris hadi London kazi iliandikwa upya kwa kiasi kikubwa, maneno ya Kiingereza yakaandikwa na Herbert Kretzmer, tamthilia ikarefuka.

#18 Msemakweli254

Naendelea kushika neno langu. Broadway mwanzoni mwa 2001 waliikata tamthilia ili isizidi saa tatu, maana ikizidi unalipa muda wa ziada kwa wapiga muziki na mafundi. Hawakugusa jukwaa, waligusa nyimbo zenyewe. Aliyekata wimbo kwa ajili ya saa atashindwa kukata sinia?

Lakini Omari amenigusa. Inawezekana uamuzi umeanzia kwenye daftari la hesabu na bado ukazaa kitu kizuri. Sikuwahi kulifikiria hivyo.

#19 OmariMinneapolis

Shukrani mkuu. Nyongeza kwa Fundi kuhusu kubeba sakafu. The Lion King ilianzia hapa hapa Minneapolis, Orpheum Theatre, Julai 1997, kabla ya New York. Ile yenye kina Simba na Rafiki, maneno yetu wenyewe. London lile jiwe la mfalme linapanda kutoka chini ya sakafu huku linajizungusha kama ngazi ya konokono. Kwenye msafara linasukumwa kutoka pembeni, kwa sababu huwezi kuchimba shimo kwenye jumba la kila mji. Mwanangu hakujua tofauti. Aliliona jiwe, akasimama juu ya kiti.

#20 FundiSeremalaMwenge

Asante kaka. Ndiyo nilichokuwa nasema. Shimo, sakafu, dari ya kuning'iniza vitu. Mbunifu wa msafara anachorea jumba dogo kuliko yote kwenye ratiba.

#21 DadaWaSavoy

Nimekuwa msomaji tu lakini hapa nimeshindwa kunyamaza. Mnamzungumzia Napier kama mtu wa sinia peke yake. Ni yeye aliyebuni jalala la tamthilia ya Cats mwaka 1981 na helikopta ya Miss Saigon 1989. Na Sunset Boulevard ya 1993, jumba la Adelphi, alijenga sebule nzima ya tajiri wa sinema, ngazi na nguzo na dhahabu, na sebule yote ikapanda juu hewani na watu chini yake.

Mwaka 2023 Jamie Lloyd akaiongoza upya, jumba la Savoy. Hakuna ngazi. Hakuna sebule. Jukwaa tupu, jeusi, moshi, na kamera inayomfuata mwigizaji Nicole Scherzinger mpaka unaona unyevu wa jicho lake kwenye skrini kubwa. Nilikaa safu ya tano. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia. Aliposimama peke yake mbele, miguu peku, nguo nyeusi nyepesi, sikuikumbuka nyumba ya dhahabu hata sekunde moja.

Kwa hiyo tatizo la Les Misérables mpya kwangu si kwamba walibadilisha. Walibadilisha nusu. Mavazi yanafanana na ya zamani, kamba ya hadithi ile ile, wanafunzi bado wanapiga hatua mbele kwa pembe tatu kabla ya mapumziko, ila sinia tu limetoka. Unabaki unatafuta kilichopotea, kama jino.

#22 MkereketwaWaSanaa

Nusu si sawa, dada. Angalia kifo cha Javert, yule polisi anayemwinda Valjean. Zamani daraja lilipanda juu yeye akiwa chini, macho yakadanganyika ukaona anaanguka. Sasa ananing'inizwa kwa waya na maji ya mto Seine yanazunguka nyuma yake kwenye picha. Na mifereji ya maji machafu: zamani ilikuwa giza na miale ya taa kutoka juu, sasa handaki lenyewe linasogea nyuma ya Valjean.

#23 DadaWaSavoy

Giza na miale ya taa nilikuwa naona mfereji. Handaki la picha naona picha. Hapo ndipo tunapoachana mkuu, na sioni kama tutakutana.

#24 BintiChumbageni

Nimemuuliza binti yangu jana, mama unalilia nini kwenye mkokoteni? Akaniambia: Javert anapita, anaona maiti ya yule kijana na ya mtoto vimelala pamoja kwenye mkokoteni, anasimama. Yeye alikuwa analilia uso wa Javert. Nikakaa kimya, maana mimi sikumwona Javert. Nilikuwa natazama sakafu.

Nitarudi. Safari hii sikai juu, nitatafuta kiti cha chini.

#25 KijanaWaMagomeni

Shangazi, ukipata tiketi ya ziada mtumie na mjomba wa Magomeni.

#26 FundiSeremalaMwenge

Mama, kabla uzi haujazama. Ile shule imeniita tena mwaka huu, wana mchezo mpya na wamejenga ukumbi mwingine, sakafu nimeipima mwenyewe iko sawa. Nataka nijaribu tena, safari hii na mota ya geti. Wewe uliliona kwa macho: lilikuwa linakwenda kwa kasi gani?

#27 BintiChumbageni

Mwanangu, kasi ya mtu anayesindikiza jeneza. Waigizaji walikuwa wanatembea kinyume chake na kubaki palepale, kwa hiyo likienda haraka watakimbia, likienda polepole mno watajongea hadi ukingoni. Mchukue kijana mmoja, mwambie atembee kama anarudi nyumbani usiku akiwa amechoka, ndipo uirekebishe mota yako imfuate yeye. Na likifika mwisho lisisimame kwa kishindo. Lile la Palace hukujua lilisimama saa ngapi.

#28 FundiSeremalaMwenge

Nimeandika ukutani karakana. Nitaweka video hapa hapa.